Kupunguza makali ya tiba ya saratani ya kichwa na shingo: nani anapunguza nini?

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya NRG-HN005, jaribio lililofanyika zaidi Marekani, na yaliwashangaza hata waliolibuni. Wagonjwa wake, karibu 400, walitoka katika kundi lenye matumaini makubwa kuliko yote kwenye saratani za kichwa na shingo. Walikuwa na uvimbe wa tonsili au shina la ulimi unaotokana na virusi vya HPV, hawakuwa wavutaji au walivuta kidogo, na ugonjwa ulikuwa haujatapakaa. Kundi la kwanza lilipata tiba iliyozoeleka: mionzi ya grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) pamoja na drip za sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani. La pili likapunguziwa mionzi hadi grei 60, sisplatini ikabaki. La tatu likapata grei 60, na mahali pa sisplatini ikawekwa nivolumabu, dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Miaka miwili baadaye, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 98.1 katika kundi la kwanza, 88.6 katika la pili na 90.3 katika la tatu. Jaribio likaishia hapo, halikuingia awamu iliyofuata.

Watu wanane hadi kumi kwa kila mia si wachache. Lakini zisome namba hizo mara ya pili. Jaribio dogo zaidi lililotangulia, NRG-HN002, liliwapa wagonjwa wa aina hiyohiyo grei 60 na sisplatini, na asilimia 90.5 walimaliza miaka miwili salama. Kwa hiyo grei 60 ilifanya karibu vilevile kama mwanzo. Kilichogeuza mambo ni kwamba grei 70 ilifanya vizuri kuliko ilivyokadiriwa. Upande wa vifo, zaidi ya watu 95 kati ya 100 walikuwa bado hai katika makundi yote matatu, kwani miaka miwili ni mifupi na mtu aliyerudiwa na ugonjwa anaweza kuwa bado anatibiwa.

Mjadala wa kupunguza makali ya tiba umeendelea kwa zaidi ya muongo mmoja, na jaribio hili halikuufunga. Anayetaka tiba ipunguzwe ana ushahidi mkononi, na anayekataa anao pia. Tatizo ni kwamba neno "kupunguza" limebebeshwa mambo matatu tofauti: dozi ya mionzi, nguvu ya dawa, na ukubwa wa eneo linalochomwa. Ushahidi wa kila moja ni tofauti. Na kwetu Afrika Mashariki lipo la nne, ambalo halijaingia kwenye jaribio lolote wala mgonjwa hakuombwa ridhaa yake. Tutalifikia.

Wanaotaka ipunguzwe

Hoja yao ilipata miguu mwaka 2010, Ang na wenzake walipochapisha uchambuzi wa jaribio la RTOG 0129. Wagonjwa wa saratani ya koo la nyuma ya mdomo waliokuwa na HPV walikuwa hai kwa asilimia 82.4 baada ya miaka mitatu. Wasio na HPV walikuwa 57.1. Tiba ilikuwa moja. Sigara ikaongeza mgawanyiko: mwenye HPV aliyevuta kidogo alikuwa na nafasi ya asilimia 93 ya kuwa hai baada ya miaka mitatu, na mwenye hatari kubwa alikuwa na 46. Kizingiti cha sigara kiliwekwa kwenye "pakiti-mwaka" 10. Hesabu yake ni rahisi: pakiti unazovuta kwa siku zidisha kwa miaka uliyovuta. Nusu pakiti kwa miaka 20 ni 10.

Basi wakauliza: kama mgonjwa ana nafasi ya 93 kwa 100, na ana miaka hamsini na kitu, kwa nini apewe tiba ileile ya mtu mwenye nafasi ya 46, kisha aishi miaka 20 au 30 na madhara yake?

Swali hilo lina uzito ukijua grei 70 ni nini mwilini. Zinatolewa grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, yaani vipindi 35 katika wiki saba. Wiki ya pili ladha inaanza kupotea, chai inakuwa kama maji ya moto tu. Kuanzia wiki ya tatu utando wa kinywa unachubuka, vidonda vinaungana, mate yanakuwa mazito ya kuvutika. Kufikia wiki ya tano kuna wagonjwa ambao hata uji hawaumezi bila morfini, na baadhi huhitaji mrija wa kulishia. Vidonda hivi hupona wiki kadhaa baada ya mashine kuzimwa, kwa hiyo si hivyo vinavyobishaniwa.

Kinachobishaniwa ni kinachobaki. Tezi za mate zikichomwa sana hazirudi, na kinywa kikavu huozesha meno hata ya mtu asiyekula sukari. Misuli ya kutafuna inakakamaa: mtu ambaye nafasi kati ya meno ya juu na ya chini haifiki milimita 35, ambazo ni karibu vidole vitatu vilivyopangwa, tayari ana tatizo la kufungua mdomo. Misuli ya kumezea inageuka kovu, na chakula kinapita njia ya hewa kimyakimya bila hata kikohozi, hadi nimonia ije. Mfupa wa taya ya chini uliopata zaidi ya grei 60 unaweza kufa na kutoboka nje miaka mingi baadaye, hasa liking'olewa jino. Tezi ya thairoidi inachoka. Mishipa ya damu ya shingoni inaweza kuziba taratibu, na kiharusi kikaja wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka kwamba mtu huyu aliwahi kuchomwa mionzi.

Hapa jaribio la RTOG 91-11 linawapa wapunguzaji hoja nzito kuliko zote, ingawa halikuhusu HPV. Lilihusu saratani ya zoloto, penye nyuzi za sauti. Lengo lilikuwa kumwokoa mgonjwa asikatwe zoloto na kubaki akipumua kwa tundu la shingoni. Tiba ya mionzi na sisplatini kwa pamoja ilishinda kwa kuhifadhi zoloto: baada ya miaka 10, asilimia 81.7 ya waliopewa tiba hiyo walikuwa bado nalo. Matokeo ya mwanzo ya mwaka 2003 yalibadilisha tiba duniani. Matokeo ya miaka 10, yaliyochapishwa mwaka 2013, yakaleta habari nyingine. Vifo ambavyo havikuhesabiwa kuwa vya saratani ya zoloto wala vya tiba vilifika asilimia 30.8 kwa waliopata mionzi na dawa kwa pamoja. Kwa walioanza na dawa kisha mionzi vilikuwa 20.8, na kwa mionzi peke yake 16.9. Uhai wa jumla haukutofautiana kwa kiwango cha kutosha kutangaza mshindi. Lakini mtu anayeangalia namba hizo anaelewa kwamba kuna kitu kilichowaua watu hawa taratibu, na fomu za utafiti hazikukitambua kama tiba. Nimonia za chakula kupita njia mbaya ni mshukiwa wa kwanza, ingawa haijathibitishwa.

Tukiwa hapo hapo: "miaka mitano" inayotajwa kila mahali haikuwekwa kwa sababu saratani inajua kuhesabu. Iliwekwa kwa sababu sehemu kubwa ya kurudi kwa saratani hizi hutokea ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kwa hiyo anayevuka mitano amevuka hatari ya uvimbe ule wa kwanza. Takwimu za Marekani zinaposema karibu watu saba kati ya kumi wenye saratani ya kinywa na koo wanafika miaka mitano, zinalinganisha na watu wa umri huo wasio na saratani, yaani vifo vya moyo na mapafu vimeshaondolewa kwenye mizani. Mgonjwa halisi hawezi kuviondoa. Hasa mvutaji: mapafu yake, umio wake na sehemu iliyobaki ya kinywa vilipata moshi uleule, na hatari ya saratani mpya kabisa huendelea kwa asilimia chache kila mwaka, mwaka wa kumi sawa na wa tatu.

Wanaokataa

Wao wana majaribio mawili ya mwaka 2019 ambayo kila anayetaka kupunguza dawa anapaswa kuyajua kwa moyo. Yote yaliondoa sisplatini na kuweka setuksimabu, dawa iliyosifiwa kuwa laini kwa figo na masikio. De-ESCALaTE, lililofanyika Uingereza, Ireland na Uholanzi kwa wagonjwa 334, lilikuta baada ya miaka miwili asilimia 97.5 ya waliopata sisplatini wako hai, dhidi ya 89.4 kwa setuksimabu. Ugonjwa ulirudi kwa asilimia 6 upande mmoja na 16.1 upande wa pili. Na ule ulaini ulioahidiwa? Idadi ya madhara makali kwa kila mgonjwa ilikuwa sawa. Aina ndiyo ilibadilika, figo na masikio zikaipisha ngozi. RTOG 1016 la Marekani, lenye watu zaidi ya 800, likasema hayohayo kwa miaka mitano: 84.6 dhidi ya 77.9.

Yaani wagonjwa walilipa kwa uhai na hawakupewa unafuu. Hii ndiyo sababu madaktari wengi wa mionzi wanakunja uso wakisikia mgonjwa anaomba "tiba nyepesi" kwa kuwa amesoma kwamba HPV ina matumaini mazuri. Matumaini hayo yalipimwa kwa watu waliopata tiba kamili. Ukiiondoa tiba, namba nayo inaondoka.

Upande huu una hoja ya pili isiyosemwa sana, nayo ni ya maabara. HPV kwa kawaida haipimwi moja kwa moja. Kinyama kilichokatwa kinapakwa rangi ya kuonesha protini ya p16, na seli zikishika rangi kwa kiwango cha asilimia 70 au zaidi, mgonjwa anaandikwa "chanya". Uchambuzi wa mwaka 2023 wa wagonjwa zaidi ya 7,600 ulikuta kwamba karibu mmoja kati ya kumi ana majibu yanayopingana. Wenye p16 chanya na HPV chanya walikuwa hai kwa asilimia 81.1 baada ya miaka mitano. Wenye p16 chanya lakini HPV hasi walikuwa 54.7. Ukimpunguzia tiba mtu wa kundi hili la pili kwa sababu ya ile rangi, umemfanyia kosa kubwa. Na mkanganyiko huo ni mwingi zaidi mahali ambapo HPV ni chanzo cha sehemu ndogo ya saratani za koo. Tafiti za nchi za Kusini mwa Sahara zimekuwa zikionesha kwamba sisi tuko huko.

Hata hatua ya ugonjwa inaweza kupotosha. Tangu toleo la nane la mfumo wa AJCC, ule wa kupanga hatua za saratani, mgonjwa wa p16 mwenye uvimbe mdogo kwenye tonsili na mtoki wa sentimita tano upande uleule wa shingo anaandikwa hatua ya I. Toleo la saba lingemwandika hatua ya IV. Ugonjwa haukubadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni maelezo ya matarajio yake, na matarajio hayo, tena, ni ya waliotibiwa kikamilifu.

Kupunguza eneo

Kwa maoni yetu, upande wenye ushahidi wa kuridhisha zaidi ni ule usiopigiwa kelele: dozi kwenye uvimbe ibaki, kinachopungua kiwe nyama nzuri inayochomwa bure. PARSPORT, jaribio dogo la Uingereza la wagonjwa 94, lililinganisha mionzi ya kizamani na ile inayopindishwa kufuata umbo la uvimbe huku ikizikwepa tezi za mate. Mwaka mmoja baadaye, wenye ukavu wa kinywa wa kusumbua walikuwa asilimia 74 kwa mionzi ya zamani na 38 kwa hii ya kupindishwa. DARS, la mwaka 2023, likaenda mbele: likaikwepa pia misuli ya kumezea, na wagonjwa wakameza vizuri zaidi baada ya mwaka.

Upasuaji nao una nafasi. Katika jaribio la ECOG 3311, wagonjwa wa HPV waliondolewa uvimbe kwa roboti kupitia mdomoni, kisha wenye hatari ya kati wakapewa grei 50 au 60. Miaka miwili bila ugonjwa: 94.9 na 96.0. Hapo grei 50 ilitosha, lakini angalia ni kwa sababu gani. Uvimbe ulikuwa umeshatolewa na nyama yote ikasomwa kwa hadubini. Daktari alijua kilichobaki. Anayepunguza bila kukata anakisia.

Kwa saratani ya kinywa, mfano mzuri unatoka Mumbai, hospitali ya Tata Memorial. Mgonjwa mwenye uvimbe mdogo wa ulimi na shingo isiyo na mtoki unaopapasika: je, tezi za shingo zitolewe siku ileile, au isubiriwe mpaka mtoki utokee? Kusubiri ndiko kulikoonekana kuwa tiba nyepesi. Matokeo ya mwaka 2015 yalionesha asilimia 80 wako hai baada ya miaka mitatu kwa waliotolewa mapema, na 67.5 kwa waliosubiri. Mtoki mmoja wenye saratani huweza kupunguza uwezekano wa kuishi karibu nusu, na saratani ikishatoboa ganda la mtoki hali ni mbaya zaidi. Upasuaji huu hauhitaji roboti wala mashine ya mionzi. Unahitaji daktari mpasuaji aliyefundishwa, saa kadhaa za chumba cha upasuaji, na damu ya akiba.

Siku 17

Tuje nyumbani. Saratani nyingi za kinywa na koo zinazofika Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Mulago Kampala au Kenyatta Nairobi hazifanani na za NRG-HN005. Visababishi ni sigara, pombe kali na ugoro. Pwani na visiwani ongeza tambuu, maana popoo peke yake, hata bila tumbaku, inatambuliwa kuwa chanzo cha saratani. Wengi hufika hatua ya III au IV. Kuwasomea namba za HPV ni sawa na kumpimia mtu nguo ya jirani.

Na hapa ndipo ile aina ya nne ya kupunguza tiba inapoingia. Seli za saratani ya kichwa na shingo zikishachomwa kwa wiki nne hivi, zilizobaki huanza kuzaana kwa kasi kubwa kuliko mwanzo. Kila siku ya ziada inayopita baada ya hapo hula takribani grei 0.6 ya dozi uliyokwishatoa. Piga hesabu: mashine imeharibika, au nauli imekwisha, au bima haijathibitisha, au mgonjwa amerudi kijijini kuzika, na tiba ya wiki saba imekuwa ya wiki tisa na siku tatu. Siku 17 zidisha kwa 0.6 ni grei 10. Kwenye faili imeandikwa 70, kwenye uvimbe imefanya kazi ya 60. Ni punguzo lilelile la NRG-HN005, isipokuwa mgonjwa huyu hakuwa na HPV wala matumaini ya 98 kwa 100 ya kuchezea.

Mfano wa hadharani ni Uganda. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya nchi, ya kobalti, pale Mulago, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka, na mpya ikazinduliwa mwanzoni mwa 2018. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Hilo liliandikwa magazetini kwa sababu lilikuwa la nchi nzima. Kusimama kwa siku tano hapa na siku nane pale hakuandikwi popote.

Kinyume chake pia kina ushahidi, na ni ushahidi wa nchi kama zetu. Jaribio la IAEA-ACC, lililochapishwa mwaka 2010, lilifanyika katika vituo tisa vya Asia, Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na Amerika Kusini kwa wagonjwa 900 hivi. Walipewa dozi ileile, idadi ileile ya vipindi, bila dawa ya ziada. Tofauti ilikuwa moja: kundi moja lilichomwa mara tano kwa wiki, jingine mara sita. Tiba ikapungua wiki moja hivi. Baada ya miaka mitano ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa mahali pake kwa asilimia 42 badala ya 30. Vidonda vilikuwa vingi zaidi, ndiyo, ila vilipona. Linganisha na dawa kama sisplatini zinazotolewa pamoja na mionzi, ambazo katika MACH-NC, uchambuzi mkubwa uliojumlisha majaribio mengi, huongeza takribani watu 6.5 kwa kila 100 katika uhai wa miaka mitano, na faida hiyo hupungua umri unavyopanda hadi isionekane baada ya miaka 70. Vipimo hivi viwili havifanani, kimoja ni cha ugonjwa kudhibitiwa na kingine cha uhai. Hata hivyo, kipindi cha sita kwa wiki hakiagizwi kutoka nje. Kinataka wahudumu na mashine inayofanya kazi Jumamosi.

Wenye kupinga watasema, na wana haki: kituo ambacho foleni yake ni ya miezi hakiwezi kumpa mtu mmoja siku ya sita na kumwacha mwingine mlangoni. Ni kweli. Lakini katika foleni hiyo wamo wagonjwa wa aina tofauti. Miongozo ya Uingereza huwaweka wa saratani ya kichwa na shingo kwenye daraja la kwanza, ambao tiba yao haipaswi kurefuka zaidi ya siku mbili. Mashine ikisimama Jumanne na Jumatano, vipindi viwili vilivyopotea hurudishwa kwa kuchoma Jumamosi, au kuchoma mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, vikipishana kwa saa sita au zaidi ili nyama nzuri ipate kujitengeneza. Mgonjwa wa mionzi ya kutuliza maumivu ya mfupa anaweza kusubiri siku hizo mbili bila kudhurika vilevile. Uamuzi wa nani aanze mashine ikiwaka una athari kubwa kuliko mijadala mingi ya dawa mpya.

Ipo pia tiba "nyepesi" inayotufaa, nayo ni ya bei. Mgonjwa ambaye figo zake hazibebi sisplatini alikuwa akipewa mionzi mitupu. Tata Memorial walijaribu dosetakseli, dawa nyingine ya saratani, ya dozi ndogo kila wiki pamoja na mionzi, na uhai wa miaka miwili ukapanda kutoka asilimia 41.7 hadi 50.8. Haohao walichukua nivolumabu, ambayo dozi yake ya kawaida ni miligramu 240 kila wiki mbili, wakatoa 20 tu kila wiki tatu, pamoja na vidonge vya bei nafuu, kwa watu ambao ugonjwa ulikuwa umeshapita hatua ya kuponywa. Waliofika mwaka mmoja walikuwa asilimia 43.4 badala ya 16.3. Hilo halikuwaponya. Lilinunua miezi, kwa sehemu ndogo ya gharama. Anayesema kila punguzo ni hatari atuoneshe hatari ya hili.

Baada ya kengele

Vituo vingine hupiga kengele siku ya mwisho ya mionzi. Sherehe ni haki ya mgonjwa, ila miaka mingi inapotelea baada ya hapo kwa mambo yasiyohitaji daktari bingwa.

Sigara ni ya kwanza. Utafiti wa Kanada wa mwaka 1993 uliwafuata wagonjwa wakati wakichomwa mionzi: walioendelea kuvuta walikuwa hai kwa asilimia 39 baada ya miaka miwili, walioacha au wasiovuta 66. Kwenye makala hii ni nivolumabu ya dozi ndogo peke yake iliyoleta tofauti ya namna hiyo, ingawa lazima tukiri kwamba anayeshindwa kuacha hutofautiana na anayeacha kwa mengine pia.

Meno yaliyooza yang'olewe kabla, siku 14 au zaidi kabla ya kipindi cha kwanza, ili fizi ifunge. Baada ya mionzi, floraidi ya kupaka kila siku maisha yote, na jino lolote la chini likitaka kung'olewa, daktari wa meno aambiwe kwanza kwamba taya limechomwa. Kosa hili hutokea zahanati ya mtaani, miaka sita baadaye, kwa nia njema kabisa.

Kipimo cha damu cha TSH, kinachoonesha kama thairoidi inafanya kazi, kila miezi 6 hadi 12 kwa aliyechomwa shingo. Mtu anayenenepa, anayesikia baridi, anayelala mchana na kuambiwa "ni mawazo ya ugonjwa" mara nyingi ana thairoidi iliyokufa, na kidonge chake ni cha bei ndogo. Kliniki mwaka wa kwanza kila mwezi mmoja hadi mitatu, wa pili kila miezi miwili hadi sita, kisha kwa nafasi zaidi. Mtoki mpya, sikio linalouma bila usaha, sauti inayokwaruza zaidi ya wiki tatu: usingoje tarehe ya kadi.

Na karatasi ya kuruhusiwa. Nyingi zinaandika "grei 70, vipindi 35" na kuishia hapo. Dai ziandikwe pia tarehe ya kipindi cha kwanza na tarehe ya kipindi cha mwisho. Siku ugonjwa ukirudi, au usiporudi na mtu akataka kujua kituo kinafanya vizuri kiasi gani, tarehe hizo mbili ndizo zitakazoonesha kama ile 70 ilikuwa 70.